Kiti na Ngazi

Desturi zetu katika Kenya zamwamuru kijana amwinukie mzee na kumpa kiti. Mzee akibeba mzigo, kijana hupaswa kumpokea, akiona kiu, kijana huenda kumletea maji, akishika jembe, jamaa humwambia, "Pumzika, baba, umefanya kazi ya kutosha." Desturi hii ni njema, na kijana asiyeifuata huonekana hakulelewa. Nia yangu katika insha hii si kuitukana. Nataka kukueleza, msomaji, jinsi wanadamu walivyotambua, polepole na kwa ushahidi, kwamba kiti kitolewacho kwa heshima chaweza pia kudhuru, ikiwa mzee huketishwa asubuhi na haondoki hapo mpaka jioni. Habari hii yaanzia mbali na kwetu, lakini mwisho wake waingia katika kila nyumba yenye mzee.

Kwanza tuyatazame mawazo ya zamani. Watu wengi waliufananisha mwili wa binadamu na taa ya mafuta. Katika ujana mafuta ni tele na mwanga ni mkubwa. Uzee ukifika, mafuta yamekaribia kwisha, na mwenye busara huupunguza utambi ili taa isizimike upesi. Kwa hesabu hiyo, kila hatua apigayo mzee ni tone la mafuta lililopotea, na kitanda ndicho mahali penye salama kuliko pote. Hata hivyo, walikuwako waliofikiri vingine. Cicero, mnenaji mashuhuri wa Rumi, aliandika kitabu juu ya uzee mwaka wa 44 kabla ya kuzaliwa Kristo, na ndani yake aliwashauri wazee wafanye mazoezi ya kiasi. Galen, tabibu Myunani wa karne ya 2, naye aliwapendekezea wazee mazoezi mepesi. Walakini hayo yalikuwa mashauri, si uthibitisho. Aliyesema "pumzika" na aliyesema "tembea" wote wawili walikuwa na maneno mazuri. Kilichokosekana ni mtu wa kuchunguza na kuhesabu.

Mwaka wa 1935, hospitali ya West Middlesex, iliyo Isleworth upande wa magharibi wa London, ilikabidhiwa jengo la jirani lililokuwa la kutunzia maskini. Katika Uingereza ya siku zile, mtu mzee aliyekosa mali na jamaa wa kumwangalia aliweza kumalizia maisha yake katika nyumba kama hiyo. Wagonjwa waliokutwa humo walikuwa mamia, na wengi wao walikuwa wazee. Kazi ya kuwatazama ilimwangukia daktari wa kike aitwaye Marjory Warren, aliyezaliwa mwaka wa 1897.

Aliyoyakuta yalimsikitisha. Wazee walikuwa wamelazwa safu kwa safu, baadhi yao kwa miaka mingi. Wengi hawakuwa wamepimwa vizuri ili ijulikane wanaugua nini; waliitwa tu wagonjwa wa kudumu, na jina hilo lilikuwa kama hukumu. Mtu alilazwa kwa sababu ya kiharusi au mguu uliovunjika. Mguu ukapona, naye akaendelea kulala kwa kuwa hapana aliyemwambia aamke. Magoti yalikakamaa, misuli ikanyauka, ngozi ikafanya vidonda kwa kulalia upande mmoja. Kisha wale waliomtazama walisema, "Tazama jinsi uzee ulivyomwangusha." Hawakufahamu kwamba sehemu kubwa ya udhaifu huo haikuletwa na uzee, bali na kitanda.

Daktari Warren alimpima kila mgonjwa peke yake, akawagawanya kwa kadiri ya ugonjwa na uwezo wao. Alitaka vyumba viwe na mwanga na rangi za kupendeza, na viti na vyombo vya kushikilia viwekwe ili mtu apate kusimama. Mzee aliyekuwa amelala siku nyingi alifundishwa kwanza kuketi ukingoni mwa kitanda, kisha kusimama, kisha kupiga hatua moja, kisha mbili. Wengine hawakupona, ukweli lazima usemwe. Lakini wengi walisimama, wakatembea, wakavaa nguo zao wenyewe, na baadhi yao wakarudi makwao. Katika miaka ya 1943 na 1946 alichapisha makala katika majarida ya madaktari, akataka utabibu wa wazee uwe elimu yenye heshima yake. Mwaka wa 1947 alikuwa mmoja wa walioanzisha chama cha madaktari wa wazee katika Uingereza. Mwaka huohuo daktari mwingine, Richard Asher, aliandika makala mashuhuri juu ya hatari za kulala kitandani, akieleza jinsi kulala sana kunavyodhuru mapafu, damu, mifupa, misuli na hata moyo wa kutaka kuishi.

Msomaji mwenye akili aweza kuuliza hapa: Je, twajuaje kwamba ni kusimama kulikowaponya wale wazee? Huenda waliosimama ni wale ambao ugonjwa wao ulikuwa mwepesi tangu mwanzo. Swali hilo ni la haki. Daktari akimwona mgonjwa wake amepona hufurahi, lakini furaha si hesabu. Ili kujua hakika, yafaa kulinganisha watu wanaofanana kwa mambo mengi na kutofautiana kwa jambo moja. Watu wa namna hiyo ni vigumu kupatikana. Walipatikana ndani ya basi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maradhi ya moyo yalikuwa yakiwaua wanaume wengi wa makamo katika Uingereza, na sababu yake haikujulikana vizuri. Daktari Jeremy Morris, aliyezaliwa Liverpool mwaka wa 1910 na kukulia Glasgow, alijiuliza kama kazi ya mtu ina sehemu katika maradhi hayo. Mwaka wa 1949 yeye na wenzake walianza kuchunguza watu wa kazi mbalimbali, miongoni mwao wafanyakazi wa usafiri wa London. Idadi ya wafanyakazi hao ilikuwa karibu 31,000, wanaume wa umri wa miaka 35 hadi 64.

Basi la London lilikuwa na ghorofa mbili, na ndani yake walifanya kazi watu wawili. Dereva aliketi karibu muda wote wa zamu yake. Kondakta alipanda na kushuka ngazi ili kuuza tikiti juu na chini, na kwa siku moja ya kazi aliweza kupanda vidato 500 hadi 750. Watu hao walivuta hewa ya mji mmoja, walikuwa chini ya mwajiri mmoja, na walipita njia zilezile. Tofauti iliyoonekana wazi ilikuwa kiti cha mmoja na ngazi ya mwenziwe.

Hesabu zilipokusanywa, ilionekana kwamba makondakta hawakupatwa na maradhi ya moyo kama madereva. Walipopatwa, maradhi yaliwajia katika umri mkubwa zaidi, na vifo vya mapema vilivyotokana nayo vilikuwa kama nusu ya vile vya madereva. Mtu mwingine angalikimbilia magazeti siku ileile. Morris hakufanya hivyo. Aliogopa kwamba pengine jambo hilo ni la mabasi tu: huenda dereva huumia kwa wasiwasi wa barabara. Basi akawatazama watu wa posta. Akawalinganisha wale waliopeleka barua nyumba hadi nyumba, kwa miguu au kwa baisikeli, na makarani waliokaa ofisini. Sura ikawa ileile: waliotembea walisalimika kuliko walioketi. Ndipo, mwaka wa 1953, habari ilipochapishwa katika jarida la Lancet.

Hata baada ya kuchapisha hakuridhika, na hapa, msomaji, lipo funzo kwa kila apendaye elimu. Wafanyakazi wa mabasi walipewa sare, na vipimo vya sare vilikuwa vimeandikwa. Mwaka wa 1956 Morris na wenzake walionyesha kwamba suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana kuliko za makondakta, hata miongoni mwa vijana. Maana yake ni nini? Huenda watu wanene ndio waliopendelea udereva tangu mwanzo, na unene ule, wala si kiti, ndio uliowaletea maradhi. Morris mwenyewe ndiye aliyeitoa hoja hiyo hadharani, ingawa iliweza kuidhoofisha hoja yake ya kwanza. Mtafuta ukweli hayafichi yale yasiyompendeza.

Ili kuondoa shaka, alihitaji watu wanaoketi wote sawasawa kazini. Kati ya 1968 na 1970 wanaume karibu 18,000, watumishi wa serikali ya Uingereza wa umri wa miaka 40 hadi 64, waliulizwa waliyoyafanya siku za Ijumaa na Jumamosi zilizopita. Wote walikuwa watu wa mezani na karatasi. Tofauti ilikuwa katika saa za mapumziko: wengine waliogelea, wakapanda baisikeli au wakatembea kwa kasi, wengine walistarehe tu. Miaka ikapita, wakaangaliwa. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1973 na tena 1980 yalionyesha kwamba waliofanya mazoezi ya nguvu walipatwa na maradhi ya moyo kwa kadiri ya nusu tu ya wenzao. Kwa hiyo haikuwa lazima mtu awe kondakta. Ilitosha asiufanye mwili wake kuwa mgeni wa kazi.

Lakini watu hao walikuwa wa makamo. Vipi yule ambaye amekwisha zeeka? Je, mlango wake umefungwa?

Jibu la swali hilo lilianza kupatikana katika Marekani kwa njia ambayo hapana aliyeitazamia. Mwaka wa 1966, katika mji wa Dallas, jimbo la Texas, wataalamu waliwachukua vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20 hivi, wakawalaza kitandani majuma matatu. Uwezo wa miili yao wa kutumia oksijeni wakati wa kazi ngumu ukapungua kwa zaidi ya robo. Baadaye walifanya mazoezi kwa muda wa kama miezi miwili, nao uwezo ukarudi na kuzidi. Miaka 30 ikapita. Mwaka wa 1996 watu walewale watano walitafutwa, sasa wana umri wa miaka 50 na kitu, wamenenepa na nywele zimeanza mvi. Walipopimwa, lilionekana jambo la ajabu: miaka 30 ya maisha haikuwa imewapunguzia uwezo kama yale majuma matatu ya kitandani yalivyowapunguzia walipokuwa vijana. Kisha wakafanya mazoezi ya kutembea, kukimbia polepole na kupanda baisikeli kwa miezi sita, nao wakaurudia uwezo waliokuwa nao walipoanza mwaka wa 1966, kabla ya kulazwa. Watu watano ni wachache, na haifai kujenga nyumba nzima juu ya nguzo tano. Lakini nguzo nyingine zilikuwapo.

Mwaka wa 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha habari za wazee 10 wa nyumba ya kutunzia wazee huko Boston. Umri wao ulikuwa miaka 86 hadi 96, na wengi wao walikuwa na maradhi ya kudumu. Kwa majuma manane walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu yao, si uzito wa kuchezea, bali wa kuwatoa jasho, chini ya uangalizi wa wataalamu. Mmoja aliacha kabla ya mwisho. Wale tisa waliobaki, nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya nguvu za mwanzo. Wawili waliokuwa wakitegemea fimbo waliweza kutembea bila fimbo. Walipoacha mazoezi, nguvu zilianza kupotea tena. Mwaka wa 1994 jaribio kubwa zaidi lilichapishwa, la wazee 100 wa wastani wa umri wa miaka 87. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu, wakatembea kwa wepesi zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi.

Sasa waweza kuona kosa la mfano ule wa taa. Mafuta ya taa hupungua kwa kutumika. Nguvu za mwili hupungua kwa kutotumika. Msuli usiofanya kazi hunyauka. Mfupa usiobeba uzito hupoteza madini yake, ukawa mwepesi wa kuvunjika. Miguu iliyosahau kusimama hushindwa kumshika mwenyewe anapojikwaa, naye huanguka. Na anguko moja la mzee laweza kuwa mwanzo wa kitanda kisicho na mwisho. Wahenga walisema kwamba mtembezi hula miguu yake. Walimkanya mzururaji, nao walisema kweli. Kwa mzee, hata hivyo, mkaa kitini ndiye alaye miguu yake. Tena faida si ya mwili peke yake. Mzee atembeaye hukutana na watu, husalimia na kusalimiwa, hupata usingizi usiku, na hujiona bado ni mmoja wa walimwengu. Aliyefungiwa ndani kwa mapenzi hukosa yote hayo, wala hawezi kulalamika, kwa maana atamlalamikia nani, naye apendwa?

Turudi kwetu. Katika vijiji vyetu wako wazee wengi ambao hawahitaji kuambiwa watembee. Bibi apandaye mlima na mzigo wa kuni mgongoni, au ainamaye shambani toka alfajiri ili wajukuu wapate kula, hakukosa zoezi, amekosa msaidizi. Yeye kweli apaswa kupokewa mzigo, na insha hii isiwe kisingizio cha kumwachia. Kuutumia mwili ni jambo moja, na kutumikishwa mpaka mwili uchakae ni jambo jingine. Lakini yuko mzee wa namna ya pili, na idadi yake yaongezeka. Ni mama aliyelima maisha yake yote, kisha mwanawe aliyefanikiwa akamleta mjini, akamweka katika nyumba nzuri ya ghorofa, akamwajiria mtumishi, akamnunulia kiti laini mbele ya televisheni. Akiinuka kuosha kikombe, hukatazwa. Akitaka kushuka ngazi, huambiwa ataanguka. Mwaka ukipita, kweli hawezi tena kuzishuka, nao jamaa husema, "Uzee umemshika." Mwanawe huyo hana ubaya. Amekosa tu habari ambazo Daktari Warren alizipata miaka mingi iliyopita.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 57, yataja haki za wazee. Miongoni mwake zimo haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya jamaa na ya serikali, na pia haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kujiendeleza. Tazama jinsi matunzo na ushiriki vilivyowekwa pamoja. Atoaye matunzo akauzuia ushiriki ametimiza nusu ya wajibu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo yake mwaka wa 2020. Lawashauri watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mwendo wa kiasi, kama kutembea kwa haraka, kwa dakika 150 hadi 300 kila juma. Wafanye kazi za kutia misuli nguvu siku mbili au zaidi. Na siku tatu au zaidi wafanye mazoezi ya kuongeza nguvu na kusimama imara, ili wasianguke. Asiyeweza kufikia kiasi hicho afanye awezalo, kwa maana kidogo ni bora kuliko hapana. Mwenye maradhi, na aliyekaa muda mrefu bila kazi, aulize daktari kwanza na aanze polepole, kama wale wa Isleworth walioanza kwa kuketi ukingoni mwa kitanda.

Marjory Warren alifariki mwaka wa 1960. Jeremy Morris aliendelea kutembea na kuogelea hata alipopita miaka 90, akafariki mwaka wa 2009 akiwa na umri wa miaka 99. Maisha marefu ya mtu mmoja si uthibitisho, na yeye aliyehesabu maelfu angalikuwa wa kwanza kutuonya hivyo. Alichotuachia ni hesabu zake, na hesabu hizo zatuhusu.

Basi, kijana, endelea kumwinukia mzee na kumpa kiti, kwa kuwa ni haki yake. Ila baada ya kuketi na kupumzika, usimwache humo. Mwombe akuonyeshe mipaka ya shamba, au akusindikize mpaka njia panda, au mwende pamoja sokoni, nawe upunguze mwendo wako ulingane na wake. Akisema ataosha kikombe chake mwenyewe, mwache akioshe. Utampa nguvu za miguu, naye njiani atakupa hadithi ambazo hukuzisikia alipokuwa ameketi kimya.